Umeme na Jiwe

Pikachu akitupwa nje ya jukwaa katika gemu ya Super Smash Bros., hana muda wa kufikiri. Mchezaji anasukuma kijiti cha pedi kwenda juu pamoja na kitufe cha B, kisha papo hapo anakielekeza anakotaka kwenda. Kinyama cha manjano kinapotea, kinatokea mbali na pale kilipokuwa. Kijiti kikigeuzwa upesi upande mwingine, kinapotea tena na kutokea mara ya pili. Halafu basi. Baada ya hapo kinaanguka kama gunia, hakiwezi kupiga wala kuruka, mpaka kiguse ardhi au kishike ukingo wa jukwaa. Kikikosa vyote viwili, kimekwenda na maji.

Kwa Kiingereza pigo hili linaitwa Quick Attack, shambulio la haraka, jina lisilo na mvuto wowote. Kwa Kijapani linaitwa denkō sekka, na hilo ndilo lililoninasa. Mwaka wa kwanza wa uzamili, katika semina ya historia, tulitakiwa kuchagua kitu kidogo cha kila siku na kukifuata nyuma hadi kigome kwenda. Mwenzangu mmoja alichagua kiberiti. Mwingine alichagua sahani za bati. Mimi nilichagua pigo la Pikachu, na darasa likacheka, si kwa ubaya. Swali lililokuja baada ya kicheko ndilo lililonipa kazi: kitu kilichobuniwa ili watoto wabonyeze vitufe kina historia, au kina tarehe ya kutolewa tu?

Denkō sekka huandikwa kwa herufi nne za Kichina: umeme, mwanga, jiwe, moto. Mwanga wa radi na cheche za jiwe. Si jina lililobuniwa na kampuni ya magemu. Ni msemo wa zamani ambao Mjapani wa leo anautumia bila kuuwazia, kama sisi tunavyosema kufumba na kufumbua bila kuona kope za mtu yeyote.

Jiwe lenyewe wazee wetu walilijua vizuri. Ni gumegume, lile linalotoa cheche likigongwa na chuma, na ambalo jina lake lilihamia kwenye bunduki. Bunduki ziliingia Zanzibar kwa maelfu katika karne ya 19 zikielekea bara, na gumegume zilikuwemo. Kwa hiyo sikio la Kiswahili likisikia cheche ya jiwe, linaweza kusikia pia mlio unaofuata. Japani haikuwa hivyo. Bunduki zao, tangu Wareno walipofika kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543, ziliwashwa kwa utambi, na zikaendelea hivyo kwa zaidi ya karne mbili. Jiwe la moto lilibaki jikoni. Mjapani wa karne ya 17 akisikia moto wa jiwe alimwona mtu aliyeamka mapema, anagonga jiwe kwa chuma ili apike.

Nitarudi kwenye karne hiyo ya 17. Kwanza gemu.

Pokémon ilitoka Japani Februari 27, 1996, ikiwa kaseti mbili, nyekundu na kijani, za kuchezea kwenye Game Boy. Mapambano yake ni ya kupeana zamu, na mwenye kasi zaidi ndiye huanza. Denkō sekka lilivunja utaratibu huo. Nguvu yake ilikuwa 40, kiasi kidogo, lakini aliyelitumia alianza hata kama mpinzani wake ana kasi mara tatu yake. Katika gemu hizo za mwanzo Pikachu alijifunza pigo hilo akifika leveli ya 16. Ni pigo la kuruka foleni. Aliyewahi kubaki na tone la mwisho la uhai mbele ya mpinzani aliyechoka vilevile anajua thamani yake: huhitaji kuumiza sana, unahitaji kutangulia.

Kuna jambo dogo hapa linalonipendeza. Game Boy ilikuwa na skrini ndogo mno kwa herufi za Kichina, kwa hiyo gemu nzima iliandikwa kwa herufi za sauti tu. Jina la pigo lilichukua herufi 7. Mtoto wa Osaka aliyeinunua alisoma sauti ya msemo. Zile picha nne za umeme, mwanga, jiwe na moto hazikuwepo mbele ya macho yake. Jiwe lilikuwa limeshazama kabla ya mtafsiri yeyote kuligusa.

Mtafsiri naye alikuwa na shida zake. Gemu ilipoingia Marekani mwaka 1998, jina la pigo halikuweza kuzidi herufi 12. Hesabu Quick Attack pamoja na nafasi iliyo katikati: 12 kamili. Wajerumani waliliita Ruckzuckhieb, nazo ni 12. Ruckzuck ni neno la mtaani, la kumwambia mtu afanye chapuchapu, na hieb ni pigo. Kwa maoni yangu Mjerumani aliwashinda wote, kwa sababu aliona kwamba msemo hutafsiriwa kwa msemo. Mimi ningeliita Kufumba na Kufumbua, ningezidi nafasi, na ningefukuzwa kazi.

Hadi hapo tuna pigo la kutangulia. Halina mwelekeo, maana katika Pokémon ya wakati ule hakuna mahali pa kwenda: wanyama wawili wanatazamana na wanangoja amri. Mwelekeo ulikuja na gemu nyingine, iliyotengenezwa na watu wengine, kwa sababu nyingine kabisa.

Masahiro Sakurai alikuwa mbunifu kijana katika kampuni ya HAL Laboratory, na alikuwa ameshamtengeneza Kirby. Amesimulia kwamba siku moja, katika ukumbi wa magemu, alikuwa akicheza King of Fighters '95, akampiga mpinzani aliyekaa upande wa pili wa mashine bila huruma, pigo juu ya pigo. Alipotazama akakuta ni wapenzi wawili waliokuja kujaribu tu. Magemu ya kupigana ya wakati huo, tangu Street Fighter II ya mwaka 1991, yalikuwa yameelekea huko: anayejua mfuatano wa vitufe humfunga asiyejua, na asiyejua hukaa akitazama mstari wake wa uhai ukimalizika. Wapenzi wale hawakupata hata nafasi ya kushindwa vizuri.

Sakurai akaanza kutengeneza gemu ya kupigana isiyo na mstari wa uhai. Badala yake kuna asilimia inayopanda. Ukipigwa, asilimia inaongezeka, na kadiri ilivyo kubwa ndivyo unavyorushwa mbali zaidi ukipigwa tena. Hufi kwa kupigwa. Unakufa kwa kushindwa kurudi. Jina la kwanza la mradi lilikuwa Ryūō, Mfalme wa Joka, na wahusika wake hawakuwa na sura wala majina. Programu iliandikwa na rais wa kampuni mwenyewe, Satoru Iwata, kwa kutumia siku zake za mwisho wa wiki. Baadaye ndipo Sakurai alipowaweka ndani Mario, Link, Pikachu na wenzao, na hata hilo alilianza kabla ya kuomba ruhusa Nintendo. Gemu ilitoka Japani Januari 21, 1999 ikiwa na wahusika 12. Haikutarajiwa kuwa kubwa, na bajeti yake ilikuwa ndogo, lakini iliuza nakala zaidi ya milioni 5.

Napenda kuwaambia wanahistoria wenzangu kwamba hapa ndipo penye tukio. Gemu za kupigana zilikuwa zimeuliza swali moja tu: nani anapiga? Hii iliuliza la pili: aliyetupwa anarudije? Swali hilo lilihitaji kila mhusika awe na jibu lake, na majibu yale 12 ukiyatazama moja moja ni kama tabia za watu. Mario anaruka juu akiwa ameinua ngumi, na njia yake ni moja, kila mtu anajua atatokea wapi. Fox anaweza kuchagua upande wowote, lakini kwanza anasimama hewani akiwaka moto, akikusanya nguvu, na muda wote huo adui anamsubiri na kumpangia. Ness ana kituko kuliko wote: anarusha mpira wa umeme, anauongoza uzunguke hewani, kisha anajipiga nao mwenyewe ili umsukume nyumbani. Mpinzani akiuzuia ule mpira njiani, Ness anaanguka akitazama.

Pikachu alipewa denkō sekka. Jina lilitoka kwenye Pokémon, lakini kazi iligeuka. Pigo la kutangulia likawa njia ya kurudi. Halikungoja kama moto wa Fox, halikufuata njia moja kama ngumi ya Mario, na liliruhusu kona moja katikati ya safari. Kona hiyo ndiyo iliyofanya Pikachu wa mwaka 1999 awe kero: kwa miaka mingi wachezaji wa mashindano ya gemu hiyo ya kwanza wamemweka kileleni mwa orodha zao, na ugumu wa kumzuia asirudi ni sababu mojawapo kubwa. Unamsubiri ukingoni, anapita juu yako. Unapanda juu, anakata kona na kushika ukingo.

Haya yote yasingewezekana bila kijiti. Pedi za zamani za Nintendo zilikuwa na msalaba wa kubonyeza, wenye pande nne na pembe zake. Nintendo 64, iliyotoka mwaka 1996, ilileta kijiti kinachojua mwelekeo na pia kiasi cha msukumo. Kilizungukwa na fremu ya pembe nane ili kidole gumba kihisi kilipo bila jicho kutazama, na kilichakaa vibaya. Ukifungua pedi iliyotumika sana unakuta unga mweupe wa plastiki iliyosagika. Unga huo, kwangu, ni hati ya kihistoria kama hati nyingine yoyote. Ni mabaki ya vidole vilivyotafuta upande kwa haraka.

Mimi sikuwahi kuwa na pedi hiyo. Huku kwetu vibanda vya gemu vilikuwa vya PlayStation, mpira na Tekken. Super Smash Bros. niliikuta hosteli, kwenye kompyuta ya jirani yangu wa chumba, mtu wa Tanga aliyenizidi miaka minne, ikiendeshwa na programu ya kuiga mashine za zamani. Tulicheza wawili kwenye kibodi moja, viwiko vikigongana. Vitufe vya kibodi vina pande nane tu, kwa hiyo Pikachu wangu hakuwa huru kama yule wa kijiti, lakini kona ilikuwepo. Nilikuwa nikianguka kila mara kwa namna ileile: safari ya kwanza sawa, ya pili inachelewa.

"Dogo," akaniambia siku moja, bila kuondoa macho kwenye skrini, "wewe ukitupwa unamwangalia Pikachu."

"Sasa nimwangalie nani, kaka?"

"Pikachu umeshamjua alipo. Angalia unakokwenda. Ukianza kumwonea huruma tu, umekufa."

Nililikumbuka neno hilo miezi baadaye nikiwa maktaba, kwa sababu mtawa mmoja wa Kijapani alikuwa ameliandika, kwa maana ileile, takribani miaka 400 iliyopita.

Takuan Sōhō alizaliwa mwaka 1573 katika mji wa Izushi, akawa mtawa wa Zen, na mwaka 1609 akashika kwa muda mfupi uongozi wa hekalu kuu la Daitokuji mjini Kyoto. Leo wengi wanamjua kwa jina la achari ya figili ya manjano, ambayo kwa mapokeo inasemekana ni yake. Kati ya maandishi yake kuna waraka mrefu aliomwandikia Yagyū Munenori, mwalimu wa upanga wa ukoo uliotawala nchi, Tokugawa. Waraka unaeleza kinachomuua mpiganaji. Kwa Takuan, kinachoua ni akili kusimama. Upanga wa adui ukija na akili yako ikasimama juu ya upanga, umechelewa. Ikisimama juu ya mkono wako mwenyewe, umechelewa vilevile. Anatoa mfano wa Kannon mwenye mikono elfu: akili ikinata kwenye mkono mmoja, ile 999 mingine haina kazi. Na anatoa mfano wa jiwe la moto. Ukiligonga, cheche inatoka. Kati ya kugonga na cheche hakuna upenyo.

Anasisitiza jambo ambalo jina la Kiingereza la pigo lililipoteza kabisa, kwamba mfano huo hauhusu kasi. Mtu akijitahidi awe mwepesi, akili yake tayari imesimama juu ya wepesi. Cheche haiharakishi. Inatoka tu, kwa sababu hakuna kilichoizuia.

Mfano haukuwa wake peke yake. Jiwe na umeme vilikuwa vimeshaenda pamoja katika maandiko ya watawa wa China wa enzi ya Song, na kutoka huko vikavuka bahari. Wuxue Zuyuan, mtawa ambaye kwa mapokeo aliwajibu askari wa Kimongolia waliomwinulia panga kwa shairi lenye umeme ndani yake, alifika Japani mwaka 1279 na kuanzisha hekalu la Engakuji, Kamakura. Takuan anamtaja. Kwa hiyo kabla msemo haujawa wa kila mtu, ulikuwa wa watu waliokaa karibu na makali.

Hapa ni rahisi kuteleza. Mtu angeweza kuandika kwamba Zen imefichwa ndani ya Pikachu, na angepata wasomaji wengi. Wageni wamekuwa wakiifanyia Japani hivyo kwa muda mrefu, kila bakuli ni falsafa, kila bustani ni siri, na sisi ugonjwa huo tunaujua kwa sababu nasi tumefanyiwa: kila ngoma yetu ni tambiko, kila kinyago ni mzimu. Hapana. Kufikia mwaka 1996 denkō sekka ulikuwa msemo uliochakaa, wa magazeti na wa mezani. Aliyeupa pigo la Pokémon jina hilo alihitaji kusema upesi sana, basi, na uzuri wa kumpa mnyama wa umeme jina lenye umeme unajieleza wenyewe.

Ninachodai ni kidogo zaidi, na nadhani kina nguvu zaidi. Msemo ulipoteza maana yake ya ndani kwa kutumiwa sana, ukabaki ganda. Kisha gemu ya mwaka 1999, kwa sababu zake za kiufundi, ikajenga hali ileile ambayo msemo ulizaliwa kuieleza: mtu yuko hewani, anaweza kuchagua, na kuchagua kwa kusita ni kuanguka. Hakuna aliyepanga. Ganda lilirudishiwa kiini na watoto waliokuwa wakigombania pedi.

Nenda ukamtazame Jeffrey Williamson wa Arizona, anayejulikana kwa jina la Axe, akimcheza Pikachu katika Melee, gemu ya pili ya mfululizo, ya mwaka 2001. Skrini yake hubadilika mara 60 kwa sekunde. Sheria ya ukingo katika gemu hiyo ni katili: anayeushika kwanza anaumiliki, na mpinzani anaweza kuning'inia hapo kwa makusudi ili wewe ukose pa kushika. Ilibidi kufika matoleo ya mwaka 2014 ndipo sheria ikageuzwa, anayekuja akawa anamng'oa aliyetangulia. Katika Melee, basi, safari ya pili ya Pikachu lazima ijue kama ukingo una mtu, na lazima ijue wakati safari ya kwanza bado haijaisha. Oktoba 2019, katika shindano la Smash Summit 8 huko California, Axe alichukua ubingwa akimtegemea mhusika ambaye mabingwa wengi walikuwa wameshamwacha na kuhamia kwa Fox na wenzake. Ukitazama mikono yake huoni haraka. Vidole vinafanya kazi, lakini uso umetulia kama wa mtu anayechambua mchele.

Takuan mwenyewe aliwahi kutupwa. Serikali ya Tokugawa ilitaka kudhibiti heshima za mahekalu, ikafuta majoho ya zambarau ambayo mfalme alikuwa amewapa watawa wakuu. Takuan na wenzake wakaandika kupinga. Mwaka 1629 alihukumiwa uhamisho, akapelekwa Kaminoyama, kaskazini, kwenye theluji. Alikaa huko miaka mitatu, hadi Tokugawa Hidetada alipofariki mwaka 1632 na msamaha ukatolewa. Hakuachwa apumzike kwao Izushi, jambo ambalo moyo wake ulilitaka. Shoguni Iemitsu alimpenda na kumweka karibu, na mwishoni mwa miaka ya 1630 akamjengea hekalu, Tōkaiji, huko Shinagawa, nje kidogo ya Edo, ili asiende mbali. Alirudi, ndiyo, lakini mwelekeo aliuchagua mwingine.

Alifariki mwaka 1645. Kaburi lake bado lipo Shinagawa, ndani ya Tokyo ya leo. Juu yake wameweka jiwe la mviringo lisilochongwa, linalofanana na yale ambayo Wajapani hukandamizia achari kwenye pipa.